Muhuri Mgongoni mwa Bahasha

La Rochelle, Johannesburg
11 Juni 2016

Baba Mdogo Mwadini,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Mama Mdogo Mwatumu hajambo? Miguu yake je? Bushra wangu ameng'oka jino la mbele. Kiswahili anakielewa chote lakini hajibu kwacho. Nikimwambia mwamkie Babu, anasema "Sharp, Babu," ndiyo salamu ya mtaani huku, kisha huyo anakimbia. Umsamehe. Mimi bado nashona kwenye duka lile lile la Fordsburg, kanzu na mapazia, mapazia na kanzu.

Ninakuandikia kwa sababu najua hupendi simu. Ulisema kwenye simu watu hujibu "nzuri" tu mpaka salio linakwisha.

Nataka nikusimulie nyumba. Kusini ya hapa, nyuma ya kilima, kuna nyumba ya shamba ya zamani sana, ya Makaburu waliolima huku kabla dhahabu haijaonekana. Ilikaa miaka mingi ikibomoka, watu wakang'oa milango na mabati. Sasa watu wa mitaa ya karibu wanaifufua wenyewe, kila Jumamosi, bila bosi. Aliyenivuta ni rafiki yangu Léocadie, Mkongo wa Lubumbashi anayesuka nywele Rosettenville. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushona mapazia.

Nyasi pale ni za rangi ya chai ya maziwa, zinafika kiunoni, na upepo ukipita nyumba yote inakuwa kama inasogea. Kuta ni za mawe na udongo. Ukikwangua unakuta rangi chini ya rangi: kijani, chini yake samawati, chini yake waridi. Jumamosi iliyopita nilikwangua sebuleni mpaka nikasahau ninakwangua kwa nini. Niliona kama nikiifikia rangi ya mwisho, kuna mtu upande wa pili atanifungulia.

Na wana sanduku la barua mpaka leo. Léocadie aliniambia, "Letterbox iko pale nyuma ya kikoni, dada. Unahesabu mawe tatu, unatosha ile moja, unapiga tampon, unarudisha." Kikoni kwao ni jikoni, kutosha ni kutoa, na tampon ni muhuri. Nadhani Makaburu wa zamani walificha posta yao wezi wasiione. Nimekwenda nikalikuta: mkebe wa bati, ndani yake daftari, pedi ya wino, na muhuri wenye picha ya nyumba. Basi barua hii nitaitia humo. Stempu nimeshabandika, na muhuri wao nitaupiga mbele ya bahasha, ili nisije nikaambiwa sikufuata utaratibu.

Yule uliyenikataza kumtaja, simtaji. Nimeuliza tena Jeppestown, hakuna anayemjua.

Mwanao,
Chiku

*

Ngamiani, Tanga
27 Novemba 2016

Mwanangu Chiku,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua yako ya mwezi wa sita imefika juzi. Nimehesabu miezi mitano na zaidi. Kama imekuja kwa miguu, basi imejitahidi.

Hapa tuko wazima. Mama yako mdogo anatembea asubuhi na kulalamika jioni, kwa hiyo hajabadilika. Mimi bado nakaa kwenye kibanda changu cha mihuri, ingawa siku hizi vijana wanachonga kwa mashine na kazi inakwisha kabla mteja hajakaa kitako. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Nikamwambia, basi huyu ni mtoto mwingine wa kunisumbua.

Nyumba yako imenipendeza. Jana baada ya adhuhuri nilisinzia kwenye kiti nikajikuta nimeingia humo. Nilipita sebuleni kwenye rangi ya waridi, nikafika jikoni, nikakuta mtu amenipa mgongo, anachonga kitu. Sikumwita. Nilipoamka nilikuwa nimeshika kisu. Niambie, mlango wa jikoni unafungukia ndani au nje? Mimi niliufungua kwa nje.

Sasa nina swali. Mbele ya bahasha yako kuna picha ya nyumba yenye dohani, na maneno chini yake. Aliyeichonga hajui kushika kisu. Herufi mbili zimetoka zimegeuka. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, aliyesahau kwamba kwenye raba tunaandika kinyume ili kwenye karatasi isomeke sawa. Huyo simtaki.

Lakini mgongoni mwa bahasha kuna muhuri mwingine. Ni wa birika la kahawa. Mdomo wa birika umepinda kushoto, na ukingoni, chini kulia, kuna kimkato kidogo kama punje ya mtama. Uliupiga wewe? Ni nani aliyeuchonga?

Nauliza kama fundi tu. Mama yako mdogo aliichukua bahasha, akaitazama sana, kisha akaenda kulitoa birika letu kabatini akaliweka mezani mbele yake.

Usichelewe kujibu.

Baba yako mdogo,
Mwadini

*

La Rochelle
5 Februari 2017

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Bushra ameota jino jipya, kubwa kuliko mdomo. Mama Mdogo mwambie kanga nimezipata, Mwenyezi Mungu amzidishie.

Kwanza niungame, maana watu wamecheka mpaka wamekaa chini. Lile si sanduku la barua. Letterbox ni mchezo. Watu wanaficha mkebe mahali, wanaandika mafumbo ya njia, hatua ngapi kutoka kizingiti, jiwe la ngapi, na wewe unautafuta. Ukiupata unapiga muhuri wa mkebe kwenye daftari lako, na muhuri wako mwenyewe kwenye daftari la mkebe, unarudisha kila kitu na kwenda zako. Hakuna anayeandika jina. Kila mtu anajulikana kwa muhuri wake: huyu kobe, huyu ufagio, huyu gurudumu. Watu wa nyumba waliuweka ili wageni wapate sababu ya kuja. Mimi nikaenda nikatia barua humo nikisubiri tarishi. Léocadie kila akiniona ananiuliza, "Dada, posta ilishapita?"

Kwa hiyo barua yako haikupotea njiani. Kuna mtu aliyeikuta ukutani, nyuma ya jiwe, huenda akakaa nayo miezi, kisha akaipeleka posta.

Nimelifungua daftari. Birika limo mara nne. Mara ya kwanza ni Agosti 2015, na ya mwisho ni tarehe 18 Juni mwaka jana, wiki moja baada ya mimi kuiweka barua. Tangu hapo halipo tena. Nililitazama birika lile nikaupitisha kidole kwenye mdomo wake. Mdomo ule ulipinda siku ya maulidi, Mama Mdogo alipoliangusha kwenye ngazi, na tulikuwepo watoto wawili tu tulioona. Kimkato cha ukingoni ni alama yenu ya uchongaji, ya tangu babu.

Umenikataza, lakini leo namtaja. Ni Burhani. Mwanao yuko hai, Baba Mdogo, na yuko mji huu huu.

Nimemwachia kikaratasi mkebeni, nikaandika namba yangu. Mwezi mzima sasa, hajakigusa. Najua alilolifanya, muhuri wa serikali si kitu cha kuchezea, na najua uliwaambia majirani kwamba huna mtoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia. Lakini miaka kumi na minne ni mingi. Nikikutana naye, nimwambie nini kutoka kwako? Nipe neno moja tu la kumpa.

Na unichongee muhuri wangu. Bila muhuri mimi kwenye mchezo huu sina jina.

Mlango wa jikoni unafungukia nje. Umejuaje?

Chiku

*

Ngamiani, Tanga
30 Aprili 2017

Mwanangu Chiku,

Salamu nyingi. Mvua ya huku imeanza na kibanda kinavuja, lakini raba haiozi. Mama yako mdogo analala vizuri zaidi siku hizi, sijui kwa nini. Anakunywa kahawa kutoka kwenye birika lile, na zamani alikuwa hataki hata kuliona.

Nimekutumia muhuri. Utaletewa na mfanyabiashara mmoja wa Tanga anayeshuka Fordsburg kuchukua vitambaa. Umo ndani ya soksi, usije ukaitupa. Nimeuchonga mwenyewe, siku nne, mwanga wa asubuhi tu.

Uupige kwenye daftari la ile nyumba kama ulivyo. Usimpe mtu aurekebishe, na wewe usiurekebishe.

Chini ya rangi ya waridi kuna rangi gani? Hujaniambia. Kila nikisinzia nafika pale pale kwenye waridi, nasimama.

Swali lako nimelisoma.

Mwadini

*

La Rochelle
16 Julai 2017

Baba Mdogo,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Kazi zilikuwa nyingi kabla ya Idi. Bushra amefunga siku tatu kamili na amemtangazia kila mtu shuleni.

Nyumba imepata bati jipya. Jumamosi iliyopita tuliwasha moto jikoni kwa mara ya kwanza, na moshi ukatoka juu kwenye dohani, mweupe, umenyooka. Watu wote tulitoka nje kuutazama. Mama mmoja mzee wa Kikaburu aliyezaliwa karibu na pale alilia, na Léocadie akalia kwa sababu yule amelia. Mapazia yangu yako dirishani. Jua likipita ndani yake sakafu inakuwa ya rangi ya asali, na mtu ukikaa unapotea kidogo.

Muhuri umefika salama. Maneno nimeyasoma, nikakaa nao mkononi muda mrefu. Ni kazi safi. Sijaupiga bado. Pedi ya mkebe imekauka, na daftari lilipata unyevu, tunasubiri lingine.

Jicho likoje? Daktari amesemaje? Nilikuwa nafikiri, ukipata nafuu, labda unichongee mwingine, mdogo tu, bila haraka. Hata herufi moja inatosha. Huu nitautunza kama kumbukumbu.

Chini ya waridi sijafika.

Chiku

*

Ngamiani, Tanga
8 Oktoba 2017

Mwanangu Chiku,

Marahaba. Tuko wazima, na salamu za nyumbani utazipata mwisho wa barua, leo naanza na jambo lenyewe.

Pedi ya wino haikauki miezi mitatu. Na kama imekauka, mtu anatia tone la maji. Wewe umekulia kwenye kibanda changu, usinidanganye kwa wino.

Umeutazama muhuri ukaona KOSA LANGU limesomeka sawa kwenye raba. Ukajua kwamba kwenye karatasi litatoka kinyume. Ukajiambia, maskini mzee, macho yamekwenda, amefanya kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ukaona aibu kuniambia. Nimecheka, halafu nikahuzunika kwamba siku hizi unanionea huruma.

Mtoto wa jicho hajafika kwenye vidole, Chiku. Nimechonga hivyo kwa makusudi.

Burhani alipokuwa na miaka tisa aliiba kisu changu akachonga muhuri wake wa kwanza, jina lake. Akalichonga sawa. Alipopiga, likatoka INAHRUB. Mimi nilicheka mbele ya wateja, nikamwita Bwana Inahrub mwezi mzima, na yeye alikuwa amejikata kidole gumba cha kushoto mpaka mfupani kwa ajili ya muhuri ule. Kovu analo. Muhuri wenyewe ninao mpaka leo kwenye mtoto wa meza. Nilitaka akiona maneno yale yametoka kinyume ajue ni mimi, wala si mtu mwingine anayesema kwa niaba yangu.

Sasa soma hili na usikatishe. Muhuri ule wa serikali hakuuchonga Burhani. Niliuchonga mimi. Jirani alikuja akilia, shamba lake linataka kuchukuliwa, anahitaji karatasi moja tu ionekane imepita ofisini. Nikamhurumia, na tena nilitaka kuona kama naweza. Nikaweza. Polisi walipokuja kibandani Burhani alikuwepo, ana miaka kumi na tisa. Alinitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Ni mimi." Nami nikanyamaza. Wakamchukua, akafungwa miezi saba. Alipotoka alisimama mlangoni akisubiri nimwambie neno, na majirani walikuwa wanasikiliza, nikasema sina mtoto. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. Hili la pili nililifanya kwa mdomo, nikiwa na akili zangu.

Naona haya mbele yako. Nimekulea ukiamini ndugu yako ni mhalifu.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, niliwaomba watu wa mtaa wasitoke kwanza, nikawaambia kama nilivyokuambia. Hakuna aliyenipiga. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwatumu. Akasema, "Mimi nilijua siku ile ile, nilikuwa nakusubiri." Kisha akaenda kulisugua birika.

Upige muhuri. Kama haji, basi haji, lakini uwe umepigwa.

Mama yako mdogo anakusalimu, na anamsalimu Bushra. Sharp.

Mwadini

*

La Rochelle
17 Desemba 2017

Baba Mdogo,

Shikamoo, tena shikamoo. Hatujambo. Bushra amefunga shule na amejifunza kukuna nazi akajichubua, kwa hiyo vidole vyake na vya ukoo sasa vinafanana. Mwambie Mama Mdogo, katika kanga mbili nilizotuma, nyekundu ni yake, na ya kijani ni ya yeyote atakayesema ni yake.

Nisamehe kwa ile pedi ya wino. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Fordsburg, zikawaka kijani mara tatu na mimi sijavuka. Nilikukasirikia, sitaficha. Nilishona siku nne nzima nimekukasirikia. Jumamosi nilikwenda kwenye nyumba nikahesabu mawe, nikaupiga katikati ya ukurasa mtupu. UGNAL ASOK. Mwenzetu mmoja akanipa pole, akasema anamjua mtu wa kunichongea mwingine.

Jumamosi mbili hakuna kitu. Ya tatu nilifika mapema. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye nyasi na nyumba ilionekana kama imewekwa juu ya pamba. Kwenye baraza alikuwa amekaa mtu, mkebe uko miguuni, daftari mkononi. Ameugeuza ukurasa upande wa pili, ameuinua juani, anausoma kwa nyuma. Kwa nyuma, mwanga ukipita, yale maneno yanasomeka sawa kabisa.

Sikumwita. Nilisimama kwenye nyasi, viatu vikalowa. Akasema bila kugeuka, "Mzee hakosei herufi. Hii ameniandikia mimi."

Nilimpa barua yako ya Oktoba akaisoma pale pale. Alisoma ukurasa wa pili mara nyingi. Kisha akauliza kama ni kweli uliwaambia watu msikitini, nikasema ni kweli. Akauliza mama yake alisema nini, nikamwambia. Akaweka uso wake ndani ya daftari la watu, na wino ukampaka kipajini.

Anafanya kazi karakana moja Jeppestown, anachonga vibao vya milango, kwa jina jingine, ndiyo maana sikumpata. Mchezo huu aliuona siku moja akapenda kwamba watu wanatambuana kwa muhuri bila kuulizana majina. Nilimuuliza kwa nini aliipeleka barua posta na kujificha. Akasema, "Nilitaka ajue bado nashika kisu. Lingine sikuwa na nguvu nalo."

Mchana ule alikwangua na mimi sebuleni. Chini ya waridi, Baba Mdogo, hakuna rangi. Kuna udongo mtupu, na kwenye udongo kuna alama za vidole vya mtu aliyeusiliba ukuta, zimekaa wazi kama za jana. Burhani alitia vidole vyake humo, vikaenea. Sasa unaweza kupita, hakuna kitu zaidi.

Utaona bahasha hii haina stempu, wala muhuri mbele au mgongoni. Haikupita posta, wala sikuitia ukutani. Aliyekupa mkononi bado amesimama hapo mlangoni pako. Nimemwambia asiseme kitu mpaka umalize kusoma, na ninajua unasoma kwa jicho moja, polepole, naye anasubiri. Kama ukungu haukuruhusu kumwona uso, mshike mkono wa kushoto. Kovu liko kwenye kidole gumba.

Chiku